Wazee Kumi na Wawili kwa Saa Moja

Jumatano, 5 Machi

Ngazi sabini na mbili hadi ghorofa ya nne. Nimezihesabu kupanda, nimezihesabu kushuka, hazikupungua hata moja. Magoti yanalia kama mlango wa stoo.

Miaka thelathini na moja nimetandika vigae vya watu nikiwa nimepiga magoti. Daktari akasema magoti haya yamestaafu kabla yangu. Ndipo nikajiandikisha kozi ya jioni ya ustawi wa jamii, maana nilidhani ni kazi ya kukaa kwenye kiti ukiwasikiliza watu. Hakuna aliyenitonya kwamba watu wenyewe wanakaa ghorofani.

Ili kupata cheti lazima nijitolee saa sitini kwenye ofisi ya mtaa inayotembelea wazee wanaoishi peke yao. Kila saa moja, mzee anatia sahihi kwenye fomu yangu. Ninazo ishirini na tatu. Bado thelathini na saba. Mwisho ni Ijumaa tarehe 14, saa kumi jioni. Ofisi inatafuta mtu wa kuajiri, lakini bila cheti hata barua yako hawaifungui.

Na nikishindwa, shemeji ananingoja. Kaka wa mama watoto, muuza magodoro. Ameshanunua kiti cha plastiki na kukiweka mlangoni mwa duka lake, kazi yangu itakuwa kukikalia na kusema karibu. Ameandika jina langu kwenye mgongo wa kiti kwa rangi nyekundu. Mimi, niliyejitengeneza mwenyewe bila mjomba wala barua ya mtu, nimalizie maisha nikikaribisha watu kwenye sponji ya shemeji!

Leo nimepata saa mbili tu. Ya kwanza kwa Bibi wa Ghorofa ya Nne, ambaye hajashuka chini kwa miaka miwili na anajua kila paka wa mtaa kwa kumwona utosini. Ya pili kwa Fundi Saa, mzee wa jengo la pili, chumba cha chini kabisa, aliyetengeneza saa za watu maisha yake yote. Huyu alinitilia sahihi ya dakika hamsini na mbili. Nikamuuliza nane zimekwenda wapi. Akasema nilizitumia kutafuta miwani yangu, na miwani yangu si mzee mpweke. Ikabidi nirudi ndani nikakae dakika nane zaidi. Tukatazamana.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya akili.

Darasani jioni Msimamizi wetu, binti wa umri wa kitindamimba wangu, alifundisha kwamba kazi ya jamii huanzia pale mtu alipo. Nikanyoosha mkono nikamweleza kuwa hapo ndipo penye tatizo, mtu yupo ghorofa ya nne. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa napiga hesabu.

Wazee kwenye orodha yangu ni kumi na wawili. Majengo matatu. Ukipanda kwa wote, ngazi mia sita na kumi na moja. Nikiwatembelea mmoja mmoja mara tatu ni saa thelathini na sita. Lakini nikiwaweka wote kumi na wawili chumba kimoja, chini, kwa saa moja? Kila mmoja ametembelewa saa moja. Kila mmoja anatia sahihi. Saa moja ya saa, saa kumi na mbili za fomu. Vikao vitatu, thelathini na sita. Iliyobaki moja nakwenda kukaa na Fundi Saa, miwani nikiwa nimeivaa.

Kazi ya saa thelathini na saba kwa saa nne! Na fomu haikatazi popote, nimeisoma mbele na nyuma.

Mama watoto nilipomweleza aliendelea kukunja nguo. Aliuliza tu kama wazee wenyewe wameulizwa. Wanawake wana maswali madogomadogo.

Ijumaa, 7 Machi

Chumba nimepata. Stoo ya chini ya jengo la pili, mkabala na mlango wa Fundi Saa. Mlinzi wa jengo alinipa ufunguo akiniambia nikikuta panya nimsalimie.

Makopo ya rangi arobaini na matatu. Baiskeli isiyo na magurudumu. Bafu la chuma, la nani sijui. Nilipomaliza kuyatoa nikaona sakafu, na roho ikaniuma. Mashimo matupu. Mzee akijikwaa hapo sipati sahihi, napata kesi. Nyumbani nina vigae vilivyobaki kwenye kazi yangu ya mwisho. Nikajiambia nizibe palipo pabaya tu.

Nimetandika chumba kizima. Kwa magoti haya haya. Sijui ilikuwaje, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Mistari imenyooka kama uzi, nadhani ni kazi yangu nzuri kuliko zote, na iko stoo.

Fundi Saa alikuwa amekaa mlangoni kwake muda wote, daftari mapajani, akinitazama kama mtihani. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema kijana, tandika.

Nina miaka hamsini na sita.

Saa zilizoingia kwenye fomu: hakuna. Saa zilizopotea: nane.

Jumamosi, 8 Machi

Kualika watu ni kazi ngumu kuliko kutandika vigae. Kigae hakikuulizi nani mwingine atakuja.

Tisa walikubali bila taabu, na Fundi Saa akasema atakuja, si kwa ajili yangu bali kwa kuwa ni mkabala na mlango wake. Kasheshe ni Mkunga na Bibi wa Ghorofa ya Nne. Mkunga ni mkunga mstaafu, yuko ghorofa ya kwanza, na anadai nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Hawa wawili hawajasemeshana kwa miaka tisa kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Mmoja akisema alianika kwanza, mwingine anasema aliyeanika kwanza ndiye aliyeangusha shuka la mwenzie kwenye matope. Nimesikia pande zote mbili. Saa moja na nusu kila upande, wote wamesimama mlangoni, na sikuthubutu kutoa fomu.

Bila hao wawili ninabaki na sahihi kumi. Kumi mara tatu ni thelathini. Haitoshi. Basi nikatumia ujanja. Nilimwambia Bibi wa Ghorofa ya Nne kuwa Mkunga anasema yeye kushuka hawezi tena, imekwisha hiyo. Bibi akatazama kabati la nguo. Kisha akaniuliza kikao ni saa ngapi, na kama nguo ya bluu inafaa.

Halafu nikashuka kwa Mkunga nikamwambia Bibi anashuka. Mkunga akasema hilo hata kwa dawa haliwezekani, na kwamba atakuja mapema apate kiti cha kuona vizuri asivyokuja.

Mimi huyu. Akili hii ilicheleweshwa kwenye vigae.

Zilizopotea: sita.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya mapumziko, ila nilirudi stoo kujaza mistari ya vigae na kuomba viti kwa majirani. Saa tatu zimekwenda.

Mchana shemeji akaja kula. Akanitazama magoti, akasema shemeji wangu, kile kiti nimekiongezea mto. Nikamjibu akikalie mwenyewe. Akasema yeye ni mwenye duka, hakai. Mama watoto akacheka hadi akaweka sahani chini. Nimemkumbusha baadaye upande aliopo ni wa nani. Akasema yupo upande wa yeyote atakayenitoa jikoni, maana tangu niache kazi nimempangia vijiko kwa urefu.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui niandike nini kwanza.

Kikao saa tatu asubuhi. Saa mbili nilikuwa ghorofa ya nne. Bibi alikuwa amevaa bluu, amekaa kitandani na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri gari. Tukashuka. Mimi nimebeba kiti, kila baada ya ngazi sita namwekea anakaa. Ngazi sabini na mbili, mapumziko kumi na mawili. Kwenye ghorofa ya pili alinishika mkono akasema mwanangu, turudi. Nilikuwa nimeshafika ngazi ya thelathini na sita. Nikamwambia kurudi ni thelathini na sita na kwenda ni thelathini na sita, gharama ni ile ile. Akafikiri. Akasema hesabu hiyo ni ya kweli. Tukaendelea.

Dakika hamsini na nne. Tulipotokea mlangoni stoo nzima iligeuka. Mkunga alikuwa amekaa mbele kabisa. Akamtazama Bibi kutoka kichwani hadi miguuni, na hapo kwenye miguu macho yakasimama. Akauliza huo mguu umevimba tangu lini. Bibi akajibu kwamba mguu ni wake. Mkunga akasema ndiyo, wako, ulete hapa. Akauweka mapajani mwake akaanza kuukanda huku akimsema. Miaka tisa, na neno la kwanza ni mguu. Kamba ya nguo haikutajwa mpaka baada ya nusu saa, na walipoifikia walicheka kwa namna ambayo iliniudhi, ukizingatia saa tatu nilizosimama milangoni.

Saa nne kamili ikawa saa moja yangu imetimia. Nikatoa fomu. Hakuna aliyeiangalia. Wanabishana nani aliishi mtaani kwanza. Saa tano bado. Saa sita mmoja kaleta birika. Nadhani nilisinzia kidogo, nimeegemea lile bafu nje ya mlango.

Saa saba nikagonga kopo la rangi nikatangaza sahihi. Fundi Saa akainuka. Akauliza chumba hiki kina saa ngapi ukutani. Nikasema moja. Akauliza imezunguka mara kumi na mbili kwa mkupuo au mara moja moja. Wazee wakaanza kuguna. Akasema kijana huyu alitaka kututia sote kwenye gunia moja kama viazi. Mkunga akadakia kuwa hata mapacha yeye huwahesabu wawili. Zikapigwa kura, kumi na moja kwa hakuna, Fundi Saa akawa mwenyekiti. Mwenyewe hakupiga, alisema si heshima. Azimio la kwanza la mwenyekiti: asitie mtu sahihi mpaka suala lichunguzwe.

Sikujua kama nimeunda kikundi. Nilikuwa nakusanya sahihi.

Kumrudisha Bibi juu, saa moja na robo.

Zilizoingia: hakuna. Zilizopotea: saba. Bado thelathini na saba, siku nne.

Jumanne, 11 Machi

Ujanja basi. Nimerudi kwenye njia ya kawaida, mlango kwa mlango. Nikikesha milangoni naweza kupata saa kumi kwa siku.

Nilibisha jengo la kwanza. Kimya. Jengo la tatu, kimya. Nilipanda mpaka ghorofa ya nne ya jengo la pili, kimya, na hapo nikaingiwa na baridi, maana Bibi hajawahi kutokuwepo. Nikashuka mbio, kama hii yangu inaitwa mbio, nikiwaza la kumwambia Msimamizi.

Wako stoo. Wote kumi na wawili. Bibi ameshuka akiwa ameshikwa na Mkunga upande mmoja na ukuta upande mwingine. Wamebandika ratiba. Jumanne kukandana miguu, Jumatano kusoma barua za wasioona vizuri, Alhamisi kila mtu ashonewe kilichochanika. Nikauliza kutembelewa ni siku gani. Wakasema hawana nafasi.

Kisha mwenyekiti akanituma taa, maana ya stoo imeungua. Nikanunua taa. Akanituma ngazi ya kupandia. Nikatafuta ngazi. Mtu aliyekuja kuwatembelea wapweke nimekaa juu ya ngazi nikifunga taa, na chini yangu wapweke wananiambia kushoto, kushoto kidogo, wewe bwana husikii.

Zilizopotea: tano.

Jumatano, 12 Machi

Nimeitwa ofisini.

Msimamizi alikuwa na barua mezani. Wazee kumi na wawili wameomba majina yao yaondolewe kwenye orodha ya wapweke. Kwamba wanashukuru, ila wana shughuli. Sahihi kumi na mbili, chini ya barua, nzuri kabisa, kwa wino. Zilezile nilizozitaka mimi.

Akaniuliza, taratibu sana, baba, umewafanya nini hawa? Ofisi imewatembelea miaka mitatu na hakuna aliyewahi kutoka kwenye orodha ila kwa jeneza. Macho yake yalikuwa yanameta. Nikajua ni hasira. Nikajitetea kwamba sakafu ilikuwa na mashimo, kwamba mguu ulikuwa umevimba kabla yangu, kwamba mimi na kamba ya nguo hatuhusiani. Akaniomba nimweleze tangu mwanzo. Nikaeleza yote isipokuwa hesabu ya kumi na mbili kwa moja, hiyo ni siri ya biashara.

Akasema atafikiria, ila utaratibu ni utaratibu: saa zisizothibitishwa na mzee hawezi kuziandika. Zangu ni ishirini na tatu. Orodha yangu haina mtu. Mfanyakazi wa jamii bila jamii.

Nimemwambia mama watoto. Hakucheka safari hii. Alikwenda kunipigia pasi shati la kukalia kiti cha shemeji, na akaipiga polepole, kola mara mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda stoo kuchukua pimamaji yangu ya kunyooshea vigae tu. Kesho naanza dukani, sitaki kuacha vifaa.

Mkunga akanidaka mlangoni. Ukuta wa ngazi hauna pa kushika, Bibi anashuka kwa kupapasa, na mimi nimesimama na pimamaji mkononi nafanya nini? Nikasema nimeacha kazi hii. Akasema vizuri, basi una nafasi.

Mabomba niliyatoa kwenye ile baiskeli na bafu, mengine mlinzi wa jengo alikuwa nayo. Nimefunga mshikio kutoka ghorofa ya nne mpaka chini. Saa nane. Mzee mmoja ananishikia misumari, mwingine ananisimulia upasuaji wake. Fundi Saa kila nikipumzika anatazama saa ya mkononi na kuandika. Nimemwambia akiandika tena nitamfunga yeye ukutani.

Jioni Bibi akasema wasimshike. Akashuka peke yake, mkono kwenye bomba. Sisi tumepanga mstari kando ya ukuta, hakuna anayepumua. Dakika kumi na tisa. Alipofika chini alisimama kwenye vigae vyangu, akatazama nje mlangoni, akasema kumbe wale paka wana nyuso.

Niliingiwa na vumbi machoni. Kuchimba ukuta kunaleta vumbi.

Zilizopotea: nane. Nina hakika ndizo za mwisho.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tisa na nusu nilikuwa ofisini kurudisha kitambulisho. Nimevaa shati la duka. Shemeji alinisindikiza, eti nisipotee njia.

Saa tisa na dakika hamsini mlango ukafunguliwa. Fundi Saa, Mkunga, na nyuma yao Bibi wa Ghorofa ya Nne, nguo ya bluu, amekuja kwa miguu yake mtaa mzima. Mwenyekiti akaweka daftari mezani kwa Msimamizi. Akasema suala limechunguzwa.

Ameandika kila kitu. Ijumaa, kuondoa makopo na kutandika, kutoka saa ngapi hadi saa ngapi. Jumamosi aliuliza mlango kwa mlango nilisimama muda gani. Viti nilivyoomba, taa, ngazi, kiti nilichobeba, mshikio. Kila mstari una sahihi ya mzee aliyeona. Jumla, saa thelathini na saba na dakika thelathini na saba. Roho ikanipaa. Kisha akaongeza kwamba Jumatatu nilisinzia kwenye bafu dakika ishirini na sita, nazo amezitoa.

Zikabaki thelathini na saba na dakika kumi na moja.

Msimamizi alijumlisha mara mbili. Mimi nilishajumlisha mara nne kichwani. Sitini, na dakika kumi na moja za ziada. Akagonga mhuri ikiwa saa kumi kasoro dakika mbili. Mkunga akapiga kigelegele ofisini mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza amezaa nani. Akawaonyesha mimi.

Barua yangu ya kuomba kazi ikafunguliwa papo hapo. Naanza Jumatatu.

Shemeji alikuwa amesimama kando, mdomo wazi. Akauliza sasa kile kiti afanye nacho nini. Bibi akasema pale kwenye ngazi ya thelathini na sita panafaa.

Jumapili, 16 Machi

Nimekuwa na siku nzima ya kutafakari.

Kwanza, dakika ishirini na sita. Sikusinzia, nilifumba macho nikifikiri. Nimeandika barua ya kukata rufaa, kurasa tatu, nitampelekea mwenyekiti kesho. Nilipopita leo kiti kilikuwa kwenye ngazi ya thelathini na sita, jina langu mgongoni, Bibi amekaa juu yake anakula chungwa. Akanipa kipande, akaniambia nisiende na barua, nitaaibika.

Pili, Msimamizi anasema nilichofanya ndicho hasa walichokuwa wakitufundisha mwaka mzima. Sielewi. Kilichofanyika ni kwamba hesabu yangu ilivurugwa na wazee. Kumi na mbili kwa moja bado ni sahihi kabisa. Kosa lilikuwa moja tu: nilichagua watu wanaojua kuongea.

Na hapo ndipo nimepata dawa. Orodha yangu mpya imeletwa jana. Kina mama waliojifungua karibuni, kumi na wanne, kila mmoja yuko peke yake na mtoto mchanga, atembelewe saa moja kwa wiki. Ngazi mia saba na mbili. Nimemuuliza Mkunga, bila kumwambia ninachotaka, mtoto mchanga hulala saa ngapi kwa siku. Akasema kumi na sita au zaidi.

Kwa hiyo: watoto kumi na wanne, chumba kimoja, saa moja, wote wamelala. Kimya kama maktaba. Mama watoto ameuliza kama hawa wameulizwa. Mimi nilikuwa napima mikeka.